Mkanda Wenye Harufu ya Tumbaku

Shinyanga Mjini,
13 Septemba 1998.

Mayu wangu,

Pokea shikamoo mbili, ya kwangu na ya mjukuu wako Maduhu. Yeye hajajua kusema, ila nimemshika kidole akagusa karatasi, ndiyo hiyo alama ya mafuta unayoiona hapa pembeni. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori ilifika? Na vitalu vya tumbaku mmeshaanza kuvimwagilia? Sisi huku tu wazima. Baba Maduhu bado anapakua makontena Isaka, anarudi kila Jumamosi amejaa vumbi na hadithi za madereva. Mtoto ametoa meno mawili na ananiuma nayo yote mawili.

Kaka Kalisti, nawe unayemsomea mama barua hii, hujambo? Nasikia tangu wifi Tabu aondoke unajipikia mwenyewe, na kwamba ugali wako unafaa kujengea ukuta. Nakutania tu, usinune. Leo nakuomba kitu kimoja. Soma kila neno kama nilivyoliandika, hata ukifika mahali ukatamani kuruka.

Mayu, nimemwona baba.

Usishike kifua. Sijaota, wala siumwi malaria. Nimemwona siku ya Alhamisi, mchana kweupe, amevaa lile koti lake la kahawia lenye kifungo kimoja cha bluu, anacheka na pengo lake lote nje. Hata sasa ninapoandika nacheka peke yangu, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Unaukumbuka ule mkanda mdogo wa mzungu wa kupima mawe? Yule ambaye gari lake lilikatika ekseli akitoka Geita, akalala kwetu siku nne zilizoangukia harusi yangu, akapiga picha za video tangu kuchinja hadi kuaga, na alipoondoka akautoa mkanda kwenye kamera na kumkabidhi baba iwe zawadi. Baba akadhani ni kaseti ya redio. Akaisukuma kwenye redio ya Kalisti hadi kimlango kikang'oka, akasema hii kaseti ni mtoto bado, itakua. Halafu akaufunga kwa majani ya tumbaku makavu ili wadudu wasiule, akauweka chini kabisa kwenye sanduku la nguo, akisema ipo siku mashine yake itapatikana.

Mkanda huo ninao mimi. Tafadhali msiniulize sasa hivi umenifikiaje. Nitasema, ila acheni kwanza niwape mazuri.

Unajua nauza vitumbua kwenye baraza la duka la mzee Ebrahim, fundi redio. Wiki iliyopita binti yake Naznin alikuja likizo kutoka ng'ambo, na asubuhi moja nikamwona anachezea kamera. Akaifungua ubavuni, akatoa kimkanda. Mayu, nilidondosha mwiko! Kilikuwa ndugu yake na mkanda wa baba, ukubwa uleule, umbo lilelile. Niliacha vitumbua vinaungua, nikakimbia nyumbani na mtoto mgongoni, nikarudi na ule mkanda ukiwa bado kwenye majani yake.

Mzee Ebrahim alipoufungua akapiga chafya mara saba. Akaniuliza, "Mama Maduhu, hii kaseti au ghala la tumbaku la chama cha msingi?" Naznin akauweka kwenye kamera na kamera ikalia kama paka aliyekanyagwa, kisha ikazima. Pale nililia, nilidhani nimemuua baba mara ya pili. Kumbe majani yamesagika yakawa unga, unga umeingia kwenye tundu za mkanda na kuganda. Kule kwetu jani la tumbaku linaokoa mashuka, nani angejua linaua video? Mzee aliniambia nitulie, machozi nayo ni maji na maji hayafai karibu na mashine. Akafungua kifuniko cha mkanda kwa bisibisi nyembamba kama sindano, akapuliza, akapangusa kwa pamba na spiriti, kidogo kidogo, mpaka adhuhuri. Wateja wakija na redio zao anawaambia warudi kesho, leo ana mgonjwa mahututi.

Nikamuuliza kwa nini tusiutie tu kwenye deki kubwa ya video kama mikanda mingine. Akacheka, akasema mkanda huu haulingani na deki yoyote ya mji huu, kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. Inabidi picha zihamishwe. Kamera inasoma mkanda mdogo, waya tatu, mwekundu, mweupe na wa njano, zinabeba sauti na picha kuzipeleka kwenye deki, na deki inaziandika kwenye kaseti kubwa. Nikauliza, je, baba akishahamia kwenye ile kubwa, mdogo si utabaki mtupu? Naznin alitaka kucheka, lakini baba yake akamkazia macho. Akanijibu kwa upole kwamba hapana, hakuna anayehama, watakuwa wawili, mmoja wa kuangalia na mmoja wa kutunza.

Jaribio la kwanza picha ikaja bila rangi na inapanda juu, inapanda juu, watu wote wanakimbilia dari. Mzee akasema mikanda ya Amerika, kama huu wa mzungu, na deki za huku haziongei lugha moja. Akaingia stoo, akatoka na deki nyingine, nzee, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo inaelewa zote. Akafunga waya upya. Akamwambia Naznin abonyeze kamera, na mimi, Mayu, mimi mwanao wa darasa la saba, nikapewa kubonyeza kitufe chekundu cha kurekodi! Tukabonyeza pamoja.

Picha ikatulia. Rangi zikaja. Kwanza miguu ya mbuzi, halafu sufuria, halafu wewe umefunga kitenge cha njano unamfokea mtu kuhusu kuni, na sauti yako ikajaa duka zima hadi mpita njia akachungulia. Halafu baba.

Nilidhani kazi hiyo ni kama kumimina mafuta kutoka chupa hadi chupa, dakika moja umemaliza. Sivyo. Sherehe kwenye mkanda ilikuwa ya saa moja na nusu, na kuinakili ni saa moja na nusu, huwezi kuiharakisha. Basi tukakaa, mzee, Naznin, mimi na mtoto, tukala vitumbua vilivyoungua, tukahudhuria harusi yangu. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Baba alivyocheza mbele ya kamera na jembe begani! Nikamnyanyua Maduhu mdogo, mrithi wa jina la babu yake, nikamwelekeza kwenye kioo, nikamwambia, baba, yule ndiye wewe. Akapiga kelele na kurusha mikono, nadhani ni kwa sababu ya ngoma, lakini mimi nimeamua alimjua.

Malipo mzee amekataa katakata. Kaseti tupu amenipa, kazi amenipa, amesema hatozi mtu kumwona baba yake.

Sasa sikiliza, Mayu. Karibu na mwisho, mzungu anamwuliza baba kitu na baba anasimama katikati yetu wawili. Mimi nimevaa shela, Tabu ameshika beseni la kunawia mikono. Baba ananishika bega na kumwambia yule mzungu kwamba huyu anaondoka leo, anaenda kwa wenzake. Halafu anamvuta Tabu karibu, beseni linamwaga maji, na anasema, "Huyu ndiye anayebaki na mimi. Mpige picha vizuri huyu." Tabu anaficha uso kwa mkono. Wewe unaonekana nyuma, unacheka.

Niliposikia hivyo nilitoka nje nikasimama uani. Sikuweza kucheka tena.

Kaka, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Mkanda haukuibwa na Tabu. Hakuuza kwa wenye mabanda ya video kule kwa wachimbaji, kama mlivyodhani. Niliuchukua mimi. Ilikuwa siku ile ya kuondoa tanga la baba, mvua inanyesha kama bomba limepasuka, nyie mko sebuleni na wazee mkisubiri kugawa vitu vya marehemu. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Niliingia chumbani kunusa lile koti, mkono ukagusa majani ya tumbaku. Nilijua kitu cha marehemu hakishikwi kabla wazee hawajagawa, na nilijua binti aliyeolewa hana fungu. Nikauweka ndani ya kanga, tumboni, juu ya mtoto. Nikajiambia mtoto huyu hatamkuta babu yake, basi angalau apate hiki.

Mwezi wa kwanza Kalisti akaniandikia kwamba mkanda haupo, kwamba Tabu ndiye aliyefagia chumba na wiki hiyohiyo alikwenda Kahama gulioni, kwamba mama umesema mwizi halali chini ya bati lako, na Tabu amefunga nguo zake ameenda kwao. Nikajibu barua ile. Mnakumbuka nilijibu nini? Nilijibu, poleni sana. Maneno mawili. Mkanda ulikuwa chini ya mto wangu nilipoyaandika.

Niliogopa laana, niliogopa mtoto azaliwe na neno baya. Miezi minane nimekula, nimelala, nimezaa, na mwenzangu anabeba jina langu. Sina la kujitetea. Mayu, nisamehe. Kaka, nisamehe, ingawa sijui utaanzia wapi.

Juzi Ijumaa nilipanda gari hadi Kahama, nikamwambia Tabu mwenyewe kabla yenu, kwa kuwa niliona yeye ndiye wa kwanza kustahili. Nilitegemea anipige. Alikoroga chai yake hadi ikapoa. Halafu akaomba mtoto, akamnusa utosini, akasema ana masikio ya mzee. Nilipomwomba arudi, akasema hatarudi kwa karatasi yangu. Mdomo uliomtoa ndio utakaomwita.

Jumamosi ya tarehe 26 tunakuja, mimi, mtoto na baba yake. Deki na televisheni tumeazimwa na mzee Ebrahim, na jenereta ya parokia nimeshaombewa. Basi letu litasimama stendi ya Kahama saa nne asubuhi. Mayu, nakupigia magoti, uwepo pale stendi. Kwa kina Tabu ni mwendo wa dakika kumi, nitakushika mkono. Siwezi kumrudisha baba nyumbani, aseme huyu ndiye anayebaki naye, na pale alipoelekeza pawe patupu.

Adhabu yoyote utakayonipa nitaipokea, ila nipe baada ya kumwona.

Wasalimie majirani wote na mbuzi wetu yule kilema. Maduhu anakubusu mikono.

Mimi mwanao,
Mageni (Mama Maduhu)

Kaka, hapa acha kusoma kwa sauti. Nilipokuwa naondoka, Tabu alinisindikiza hadi barabarani. Akaniuliza kama bado unakohoa asubuhi.