Mapana Nyuma, Membamba Mbele

Nyanchwa, Kisii
Jumapili, 31 Mei 1970
Asubuhi: rasharasha, ukungu mpaka mashamba ya chini.

Dada mpendwa Drusilla,

Pokea salamu zangu nyingi hapo Nakuru. Natumaini mgongo umepoa na zamu za hospitalini hazikuchoshi sana. Sisi hatuna homa wala kikohozi. Mong'ina ameota meno mawili mapya, na mdogo wake Abner ameanza kutembea. Hata hivyo, dada, nyumba yetu haijatulia.

Nilikueleza kwamba Ratemo, baba Mong'ina, alinunua gari la mbio, lile jekundu la viti viwili, kwa Mzungu aliyekuwa akihama Sotik. Kesho, Siku ya Madaraka, chama cha madereva kimeandaa mashindano: kutoka Kisii hadi Keroka, Nyamira, na kurudi. Ratemo amejiandikisha. Kilichoivuruga nyumba yetu ni magurudumu.

Gari lilikuja na manne yanayolingana. Joash, fundi wetu, akapata mawili mapana kutoka Nairobi, akamshauri Ratemo ayafunge nyuma na kuyaacha membamba mbele. Alisema injini inasukuma magurudumu ya nyuma, kwa hiyo nyuma ndiko kunakotaka mguu mkubwa. Nilipouliza kwa nini waliolitengeneza waliyalinganisha, Ratemo alicheka, akaniuliza kama nimewahi kuona trekta yenye magurudumu sawa. Nikamjibu kwamba sijawahi kuona trekta ikishindana na mtu. Joash alicheka mpaka akaketi chini, lakini mapana yakafungwa.

Hiyo ilikuwa Ijumaa alasiri, mvua imetoka kunyesha. Ratemo alimpakia binamu yake Nyangate, ambaye ndiye angekaa kiti cha kushoto kesho kumsomea njia kwenye ramani, wakaenda kulijaribu mteremkoni. Mimi nilisimama kwenye kona ya chini. Nililiona likija. Nikaona magurudumu ya mbele yamegeuzwa kushoto kabisa, na gari lenyewe halikugeuka. Yale mapana yalisukuma kwa nguvu, na membamba ya mbele yakashindwa kuivuta pua. Ikaja moja kwa moja kwangu. Niliruka kwenye migomba. Gari lilikwama mtaroni, karibu kabisa na mahali nilipokuwa nimesimama. Nyangate alishuka na kiatu kimoja, akasema mama yake hakumzaa aje kupeleka salamu kwa migomba, akaenda zake kwa miguu.

Nilimsihi Ratemo ayatoe mara tulipolifikisha nyumbani. Lakini jua lilikuwa linatua, Sabato inaingia, na unajua alivyo: akaiweka spana chini. Jana Joash, ambaye ni Mkatoliki, alikuja kujitolea kuyabadilisha. Ratemo akamwambia hakuna nati itakayozunguka katika boma lake siku ya Sabato. Leo Ratemo yuko huru, lakini Joash alishamwahidi padri kwamba Jumapili hafungui karakana, na yale mawili ya zamani yamefungiwa humo. Dada, nilikaa jikoni nikiziona siku mbili takatifu zikipita juu ya kichwa changu, gari liko uani vilevile, na mvua haikatiki.

Mchana nikamfuata Joash kwake. Mkewe Esnah alinipa uji. Joash alisema, Mama Mong'ina, mikono yangu leo ni ya Mungu, lakini kutoa ufunguo si kazi, chukua. Alinionya pia, na namshukuru kwa ukweli wake, kwamba magurudumu yakilingana pua itageuka, lakini mkia nao unaweza kuponyoka kwenye kona. Kwa hiyo hakuna njia isiyo na hatari. Nimelifikiria njia nzima. Mkia ukiponyoka, dereva anausikia kiunoni, anaweza kuurudisha. Pua ikikataa, hana la kufanya ila kutazama anakokwenda. Tena tunabeba gurudumu moja tu la spea. Yakilingana, litaingia popote.

Niliyaleta kwa mkokoteni. Ratemo aliyatazama, akasema niyarudishe, watu wa Keroka watamcheka akitokea na miguu ya baiskeli.

Sasa nikuambie nililokuwa nalizunguka tangu mstari wa kwanza. Gari lisilo na msoma njia haliruhusiwi kuondoka, na tangu Nyangate akimbie hakuna mtu aliyekubali kupanda. Nilimwambia Ratemo kwamba yakifungwa manne yanayolingana, kiti cha kushoto ni changu. Yakibaki mapana, atafute mtu mwingine. Nilitumaini atakataa, abaki nyumbani. Akaenda kuleta jeki.

Basi mimi ndiye ninayepanda. Nimekwisha kusema, siwezi kurudi nyuma, na ninaogopa. Hesabu yangu ikiwa na kosa, watakaolipa ni watoto. Watashinda kesho kwa Esnah. Nakuomba usimweleze Baba kwa sasa. Na ikiwa simu ya maandishi kutoka Kisii imeitangulia barua hii, njoo uwachukue wewe mwenyewe, asije mtu mwingine. Abner halali asipopigwapigwa mgongoni.

Wasalimie shemeji na majirani wote wanaonikumbuka. Utuombee, hata kama siku yenyewe itakuwa imepita.

Mdogo wako akupendaye,
Nyamoita

Jumatatu, alfajiri. Mvua imezidi. Esnah ataitia barua hii posta kesho. Ratemo ameshawasha gari, nami nimezikaza nati zote tena kwa mkono wangu. Usingizi ulinipata saa nane na robo usiku.