Plasta ya Panya

Dada,

Hatujambo huku, na paa limeacha kuvuja. Uliuliza panya wa maabara nawafanyia nini. Nawabana mshipa wa damu uendao kichwani kwa dakika kumi, kisha nauachia. Kesho yake wanakula na kukimbia, utaapa hawana kitu. Hapo nawabandika plasta kwenye miguu ya mbele. Panya mzima huzibandua papo hapo. Aliyepata kiharusi, hata cha dakika hizo kumi, hubaki na ya upande mmoja kama haipo.

Juzi tukila, wifi yako alinishika mkono wa kushoto, akabandua kitu kidoleni.

"Wewe bwana, kazi unaileta mpaka mezani?"

Ilikuwa plasta ya asubuhi. Kutwa nzima sikuisikia. Nilicheka naye.

Mama usimwambie.

Mdogo wako