Kwa Mama Tulikosea: Kuhusu Mfereji wa Jikoni Kwetu

Mwaka umetimia, mama watoto, tangu ulipoiacha miwani yako juu ya jokofu ukaenda hospitali ukisema unarudi jioni. Miwani iko palepale, pamoja na kamba ya kiatu uliyoifungia. Hakuna anayethubutu kuisogeza. Tukipanguza vumbi tunaizunguka, kama magari yanavyozunguka shimo la barabarani.

Tangazo la kumbukumbu kama hili huandikwa na mtoto mkubwa. Safari hii watoto wamesema niandike mimi. "Baba, wewe ndiye uliyevunja," alisema binti yetu, mwalimu wa hesabu. "Wewe ndiye utakayegundisha." Basi nimekaa mezani kwako, mkono mmoja umeshika kalamu, wa pili umefunika uso.

Mtandao wa taifa wa bioteknolojia ulipoanza kuunganisha maabara kwa kompyuta, ili kijidudu kilichosomwa huku kionekane na mtafiti aliye kule, wewe ulipewa kuandika ukurasa huu wa Habari na Matukio: nani kapata nini, semina iko wapi, mgeni gani anakuja kufundisha. Mimi nilidhani ni kazi ya kubandika matangazo. Kumbe ulikuwa mlinzi wa lango. Halikupita neno kabla hujampigia mwenyewe simu na kumsomea habari yake yote, umesimama kando ya jokofu, kwa sababu hapo ndipo simu iliposhika vizuri.

"Mama, hata nukta unanisomea?" profesa mmoja alilalamika.

"Nukta ndiyo inayomnyamazisha mtu, Profesa," ulimjibu. "Isipokuwepo, utaendelea kudai hata usichokifanya."

Na ulikuwa na utaratibu ambao haupo popote duniani. Samahani. Utaratibu ambao mimi sijauona popote. Toleo la kila Alhamisi ulilianza kwa makosa ya toleo lililopita, juu kabisa, kabla ya habari yoyote nzuri. "Tulikosea," uliandika, kisha kosa lenyewe, kisha ukweli. Watafiti wakakupa jina la Mama Tulikosea, nawe ukalipenda kuliko vyeti vyote walivyokupa. Vyeti ulivifungia vitunguu.

Sisi nyumbani tunakukumbuka kwa chai uliyoisahau mpaka ikapoa, ukainywa hivyo hivyo ukisema ndivyo ulivyoitaka. Tunakukumbuka ukipiga pasi huku unabishana na redio. Mimi nakukumbuka tangu siku ile nilipokuja maabara kwenu, fundi wa majokofu kijana, mfuko wa vipuri begani, nikakuhadithia kuwa nimewahi kutengeneza jokofu kali, inzi akaingia mzima na kutoka akiomba sweta. Hukucheka. Uliniuliza, "Umeona, umeambiwa, au umeota?"

Nikasema, "Nimeota."

Hapo ukacheka hadi ukashika meza. Nami nikaamua palepale kwamba jokofu la maabara lingehitaji wiki nzima kupona.

Katika ndoa yetu yote, nikianza kutia chumvi mbele ya wageni, uligonga kikombe kwa kijiko, mara moja tu, bila kunitazama. Nami nikapunguza. Mamba akawa kenge, kenge akawa mjusi, tukaendelea kula.

Mwezi uliopita hapakuwa na wa kugonga kikombe.

Mtandao ulifanya mkutano wake wa mwaka. Picha yako waliitundika jukwaani, ile unayotabasamu nusu kama mtu anayesubiri kuthibitishiwa. Familia ikaombwa iseme machache. Kabla yangu alikuwa amezungumza Daktari Mdogo, yule mtafiti uliyempa jina hilo mwenyewe, aliyekuwa akija kula kwetu na kukuita Mama. Alitangaza bakteria wake anayekula mafuta machafu. Yeye na wenzake walichota udongo nyuma ya magereji, wakausoma kwa kompyuta, wakaulinganisha na sampuli za kila maabara ya mtandao, miaka mitatu, mpaka wakampata. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Nikapanda mimi. Nikaitazama picha yako, nikawatazama wasomi wale, mimi ambaye elimu yangu niliiokota kwenye magazeti yaliyofungiwa vipuri. Nikataka wajue kuwa ulikuwa mkubwa. Na ulimi hauna mfupa. Nikasema bakteria yule ulimshuku wewe kwanza, katika mfereji wa jikoni kwetu, ambao haujawahi kuziba tangu tuhamie. Nikasema ulimnong'oneza Daktari Mdogo mahali pa kutafuta, ukakataa kutajwa kwa unyenyekevu wako. Watu walilia. Nami nililia, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote: nilikuwa nimeshaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Mama watoto, mfereji wetu hauzibi kwa sababu uliumwagia maji ya moto kila Jumapili. Hata jirani anajua.

Niliposhuka, Daktari Mdogo alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umezungumza vizuri, baba," akasema. Macho yake yalikuwa kwenye viatu vyangu. Bora angenitukana.

Tulipofika nyumbani binti yetu akachukua kijiko, akagonga kikombe kitupu. "Baba. Uliona, uliambiwa, au uliota?" Mdogo wake, dereva wa lori, mtu asiyeogopa mteremko wowote, alitoka nje ili asisikie jibu. Ardhi nayo, nilipoiomba inimeze, ilinikataa.

Alhamisi iliyofuata habari hiyo ikatoka, katika ukurasa wako huu huu: marehemu ndiye aliyeanzisha ugunduzi. Hakuna aliyempigia mtu simu kumsomea. Na wiki ijayo Daktari Mdogo anakaa mbele ya jopo litakaloamua kama atapewa maabara ya kuongoza, na kazi anayoipeleka ni bakteria huyo. Mjumbe mmoja ameshamuuliza, "Hili si wazo la yule mama aliyefariki?" Naye akanyamaza, kwa heshima yako. Hili sikuliona; nimeambiwa na binti yetu, aliyeambiwa na mwenyewe.

Sisi tuliobeba jina lako tumelitumia kumwibia mtoto uliyemlisha. Dada yako, mshonaji, hapiti tena njia ya maabara. Anazunguka na vitambaa vyake kwa njia ya mbali, anasema anatafuta upepo.

Nikampigia bwana mhariri aliyekalia kiti chako. "Naomba uandike 'Tulikosea'," nikamwambia.

"Mzee wangu, nimsahihishe marehemu? Watasema hatuna adabu. Na ile habari watu wameipenda mno."

"Wamependa uongo wangu."

"Basi tuiache ipoe, mzee."

"Mwanangu, nimetengeneza majokofu maisha yangu yote. Kitu kilichooza hakiponi kwa kupoa. Kinakaa tu muda mrefu."

Alicheka, lakini hakukubali. Kisha, kwa kunifariji, akasema mwaka wako unatimia, familia ilete tangazo la kumbukumbu, ataliweka juu kabisa ya ukurasa. "Na hatutagusa hata neno, mzee. Kumbukumbu ya familia haihaririwi." Wewe unanijua, mama watoto. Masikio yangu yalisimama kama ya sungura. Nikamshukuru kwa sauti ya unyonge na kukata simu kabla hajafikiri zaidi. Bwana mhariri, kama unasoma: ahadi ni deni.

Tulikosea.

Tulisema mkutanoni, na ukurasa huu ukarudia, kwamba wewe ndiye uliyemshuku kwanza bakteria anayekula mafuta machafu. Si kweli. Hukumshuku, hukumwona, hukumnong'oneza mtu. Aliyempata ni Daktari Mdogo na wenzake, kwa kazi yao wenyewe. Ulichofanya wewe ni kuandika tangazo la kuwaomba wenye magereji waruhusu udongo wao uchotwe, na ulimsomea Daktari Mdogo tangazo hilo kwenye simu hadi nukta. Uongo ulitoka kinywani mwa mumeo. Hakuna mwingine aliyeutunga, wala marehemu hakuachia familia siri yoyote. Tunamwomba radhi Daktari Mdogo na wenzake, na tunaliomba jopo lisome hapa kabla halijamuuliza tena.

Nilipomaliza kuandika nilisimama kando ya jokofu, nikaichukua miwani yako kwa mara ya kwanza, nikaivaa. Sikuona kitu, macho yako na yangu hayakuwahi kukubaliana. Nikaishika mkononi tu, nikampigia Daktari Mdogo na kumsomea tangazo hili lote, kama ulivyokuwa ukifanya. Nilipofika penye udongo wa magereji akanikatiza.

"Baba, umesema miaka saba?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mitatu."

"Saba inapendeza zaidi masikioni."

Nikasikia kitu kikigonga kitu upande wake, mara moja. Kikombe, nadhani. Sikukiona.

Nimefuta saba, nimeandika mitatu. Miwani nimeirudisha mahali pake.

Unakumbukwa na mumeo, fundi mstaafu, ambaye sasa anaomba ruhusa kabla ya kuhadithia, binti yako mwalimu na mumewe, mwanao dereva, dada yako mshonaji, ambaye tunatumaini atarudi kwenye njia fupi, wajukuu zako, wanaomuuliza hata mwalimu wao kama ameona au ameambiwa, na Daktari Mdogo. Tulimuuliza kama tungeweza kumtaja hapa pamoja na watoto. Akasema tumsomee kwanza. Tukamsomea. Akasema sawa.

Tutakukumbuka daima, Mama Tulikosea. Hili sikuambiwa, wala sikuliota.