Nyimbo Mbili Zilizobaki

Kitengela, 9 Juni

Dada Nakhumicha,

Natumai Mama anaendelea vizuri huko Webuye. Hapa mvua imekataa, lakini kuku wetu bado wanataga.

Uliuliza albamu yangu ya jazz itatoka lini. Tulirekodi nyimbo sita, zikabaki mbili. Mwezi uliopita, tukiwa studioni, nilipuliza tromboni hewa ikatokea kando. Mbugua, mpiga piano wetu, akaniambia, "Elphas, mdomo wako umeenda upande."

Daktari wa Kajiado alisema ni kiharusi, na kupuliza basi.

Jana Opiyo, mpuliza tromboni mwenzangu, alizipiga zile mbili, kwa tromboni yangu. Nilikaa nyuma ya kioo nikisikiliza. Amepiga vizuri kuliko mimi. Mama akiisikia albamu, mwambie zote ni mimi.

Mdogo wako,
Elphas