Komanda Ni Baba Mkwe, na Piste Haionekani

Mpendwa Mama Séraphine, nakusalimu kwa heshima zote, na baada ya salamu naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana nimefika mahali ambapo hata sombe ya mama haishuki kooni, na nakuomba sana usitaje jina langu wala la mchumba wangu gazetini kwa sababu Goma unaijua, mtu akipiga chafya Kyeshero wanamwambia pole Birere.

Mimi ni rubani msaidizi, huu ni mwaka wangu wa pili kazini, ndege yetu inabeba abiria thelathini na wanane, na komanda ninayeruka naye ana miaka thelathini na mmoja hewani, na Mungu akapanga nimpende binti yake wa mwisho, na mwezi wa nane tukafanya gusaba, ile siku ya kuposa, nyumbani kwao, na kama ujuavyo desturi yetu siku hiyo bwana harusi hasemi neno, nilikaa na fimbo yangu mkononi nikatazama viatu vyangu saa tatu nzima, na msemaji wa upande wetu, muzee Ntirenganya, ndiye aliyenijibia kila swali, hata lile la kama nina akili timamu, na mwishoni komanda akanishika mkono akasema, "Tangu leo miye si komanda yako tena, miye ni papa yako," nami mjinga nikafurahi, na mkuu wa marubani ili kutupendeza akatupanga pamoja safari zote, akasema ni zawadi ya harusi.

Mama, tangu siku hiyo mdomo wangu umefungwa. Zamani nikiruka na makomanda wengine nilisema nilivyofundishwa, lakini kwake nasema, "Papa, kama haitakusumbua, spidi iko nyingi kidogo," na karatasi ya hali ya hewa nampa kwa mikono miwili nikiinamisha kichwa, na siku moja nilifanya hivyo kumbe ni mimi niliyekuwa nimeshika usukani.

Sasa komanda alienda nje kwa mafunzo, wakamketisha kidogo katika chumba cha kuigizia ndege kubwa, ile inayotua yenyewe, na tangu arudi hana habari nyingine, kila siku ni "Bazungu banashukaka ndani ya ukungu bila kuona hata kidole yabo, mashine njo inaweka ndege chini," na mimi najua, Mama, kwamba ili ndege itue hivyo inahitaji mitambo miwili au mitatu inayochungana, na redio maalumu ardhini inayoionyesha mstari na mteremko mpaka magurudumu yaguse, na marubani wenye cheti cha kazi hiyo, na sisi tuna mtambo mmoja unaotusaidia kunyoosha njia, basi, na cheti cha kutua hivyo hatuna, wala yeye wala mimi.

Jumanne iliyopita asubuhi tulitoka Bunia kurudi Goma, tukazunguka kuingia kwa upande wa ziwa, na ukungu umelala juu ya maji na juu ya mji. Kuna urefu tunaouita minima, na hapo kazi yangu ni neno moja tu, nikiona piste, ile njia ya kutulia, nasema naiona, nisipoiona nasema "Remise de gaz!" na komanda anatia nguvu zote tunapanda, hakuna mjadala, lakini yeye alikuwa ameondoa mikono akaikunja kifuani, anasema, "Acha mashine itumike," na minima ikafika, na mbele ni weupe mtupu, na mimi nikafungua mdomo na kilichotoka ni, "Papa, samahani, sijui kama na wewe unaona vile naona." Akasema, "Tulia, mukwe." Tukaendelea kushuka futi mia mbili zaidi, na kitu cha kwanza nilichoona ni mabati ya mtaa wa Murara na kamba ya nguo yenye suruali moja ya bluu, niliona hata mfuko wake, na piste haikuwa mbele yetu, ilikuwa pembeni, akanyakua usukani akaipinda ndege, magurudumu yakagusa katikati ya piste, tukasimama piste imebaki kidogo mno. Abiria wakapiga makofi, mama mmoja akaanzisha wimbo wa sifa. Komanda akanigeukia: "Umeona?" Kisha akanipa fomu ya safari akasema, "Andika: tumeshuka muzuri." Nikaandika, Mama. Nikasaini.

Alhamisi hii tunaenda tena Bunia kuleta mashangazi wa bibi harusi, na mchumba wangu mwenyewe yuko huko anawakusanya, harusi ni Jumamosi, na komanda amewaahidi kwa simu kwamba ukungu ukiwapo ndiyo vizuri zaidi, atawaonyesha kutua kwa mashine. Nikimshitaki, harusi imekufa, nitaitwa mkwe aliyemvua baba mkwe mabawa wiki ya harusi. Nikinyamaza, unajua. Umuhoza hajui chochote. Nifanye nini?

Mwenye mashaka, Kyeshero

*

Mwanangu mwenye mashaka,

Uliniomba nisitaje jina la mchumba wako, nami nimetii. Umelitaja wewe, mstari wa mwisho. Sasa mji mzima unajua ni Umuhoza yupi anayeolewa Jumamosi na rubani, kwa hiyo jambo moja la kuficha limekupungukia. Litumie kama faida.

Kwanza pole, na pole hii ni ya kweli. Nimekaa ukweni miaka ishirini na sita, najua jinsi ulimi unavyokuwa mzito mbele ya mtu aliyekupa mke au mume. Mama mkwe wangu aliwahi kutia sukari kwenye supu ya samaki akidhani ni chumvi, nikanywa mabakuli mawili nikashukuru. Lakini mwanangu, mimi nilikunywa peke yangu. Sikuwalisha watu thelathini na wanane.

Pili, nakaa Murara. Ndiyo, huko huko. Suruali ya bluu si yangu, ni ya mume wa jirani yangu Faida, na kila Jumanne Faida hufua huku mtoto wake wa miezi minne amelala kwenye kikapu chini ya kamba hiyo. Nimemshauri aanike kwingine, maana kuna kijana mwenye heshima sana anayepita hapo juu. Aliniuliza kwa nini huyo kijana asipite juu zaidi. Nikamwambia anaogopa kumkatiza baba mkwe. Faida hakucheka.

Kwa kuwa mimi ndege nazijua kwa kuzisikia tu, barua yako niliipeleka kwa muzee Assumani, aliyetengeneza ndege maisha yake yote kabla magoti hayajamkataa. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akasema: "Mama Séraphine, hata ile mashine ya bazungu, ikiona mambo haieleweke, inapiga kelele. Inawasha taa, inalia, inasema panda. Haingojake mutu ayiruhusu, haiulizake huyu ni mukwe ao ni nani. Huyu kijana njo mashine ya kwanza niliyosikia yenye adabu." Kisha akaniambia kwamba huko kwenye ndege kubwa bado wanaketi watu wawili macho wazi, na mmoja wao kazi yake ni kutaja kila kitu kisichokaa sawa, mpaka ndege isimame. Kwa hiyo baba mkwe wako alienda mafunzoni akarudi na nusu ya somo, ile nusu tamu.

Na wewe unamsaidia. Usiniambie ulikuwa unaheshimu. Heshima ni kumpisha kiti, kumnyamazia akirudia hadithi ile ile mara ya tisa, kula ugali wake hata ukiwa umeshiba. Kumwacha mzee aue watu na wewe umekaa hapo kando umefunga mdomo, hilo lina jina lingine, na mahakamani hawaliiti ukwe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ningependa sana mshindo huo usiwe kwenye paa langu.

Halafu ile saini. Hapo ndipo nilipokasirika nawe kabisa. Mdomo ulikufa hewani, sawa, hofu ni hofu, ilikuwa sekunde chache. Lakini mkono ulikuwa chini, kwenye kiti kisichotikisika, injini zimezimwa, na una kalamu. Uliandika "tumeshuka muzuri" ukiwa na muda wote duniani.

Sasa sikiliza, maana gazeti hili linatoka Jumanne na wewe una siku mbili.

Leo, kabla hujala, nenda kwa muzee Ntirenganya. Ndiyo, msemaji wako. Alisema kwa niaba yako ulipokuwa unaomba mke, hawezi kukataa kusema unapoomba uhai. Mpe ukweli wote pamoja na suruali. Aende nyumbani kwa baba mkwe wako kwa njia ya desturi, akae alipokaa siku ile, na aombe jambo moja: kwamba mukwe huyu aruhusiwe kuwa mukwe kwenye zulia na asiwe mukwe ndani ya ndege. Mzee mwenye akili atalisikia ombi hilo kwa sababu limekuja likiwa limevaa nguo za heshima. Asiposikia, umejua mapema unaoa wapi.

Lakini usingoje jibu lake. Kesho asubuhi uwe mlangoni kwa mkuu wa marubani na karatasi uliyoandika kwa mkono wako: minima ilipita, sikuiona piste, sikusema neno nililopaswa kusema, na fomu niliyosaini ni ya uongo. Anza na makosa yako, ndipo yake. Na umwambie achukue zawadi yake ya harusi airudishe dukani. Alhamisi komanda awe mwingine, au rubani msaidizi awe mwingine, au nyote wawili mkae nyumbani mpige pasi suti. Akikataa yote matatu, usipande. Mashangazi wana barabara. Ni mbaya, wataitukana njia nzima, na watafika wakiwa na sauti ya kutukana.

Umuhoza mpigie simu leo. Usimtumie ujumbe wenye maua. Mwambie baba yake alifanya nini, na mwambie wewe hukufanya nini. Ana haki ya kujua, yeye ndiye anayetaka kuketi nyuma ya kile kiti chako. Atalia, labda atakukatia simu. Harusi inaweza kusogea mwezi, miwili. Harusi inayosogea nimeshaiona ikirudi, nikala na keki yake. Majuto ni mjukuu, na wewe hata mtoto hujapata.

Unaogopa utaitwa mkwe aliyemvua mzee mabawa. Utaitwa hivyo, kwa muda. Mzee atakununia. Atakaa kwenye harusi yako na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Siku moja atashika mjukuu wake mkononi na hatakushukuru hata hapo, kwa sababu wazee wa namna hiyo hawashukuru. Wewe mtazame akimshika, inatosha.

Neno la mwisho. Siku ya gusaba ulinyamaza ukatazama viatu vyako, na ulikuwa sahihi, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyevaa vizuri, mwenye ulimi, aliyetumwa kusema badala yako. Wale thelathini na wanane nyuma yako nao wanakaa kimya, wamefunga mikanda, wanatazama viatu vyao. Mtoto wa Faida yuko kwenye kikapu, hata kusema hajajua. Nao wana msemaji. Amelipiwa shule, amepewa kiti cha mbele, na kazi yake yote ni neno moja.

Ni wewe. Liseme kwa sauti.

Mama Séraphine