Plasta ya Mazishi Yako

Njeru, rafiki yangu,

Naanza na nyumba, kwa sababu najua hilo ndilo ungeuliza kwanza. Imesimama. Ukuta mmoja haupo. Nitakueleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari zangu gazetini; wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka kwamba Mmeru akiandika taarifa, hata machozi yanatengewa aya yao.

Ulipofariki, mama yako hakulia mbele ya watu. Aliwaza wageni. Wangetoka Embu, Meru na Nairobi, na wangeona nini? Vyumba viwili vya udongo mwekundu na baraza iliyopinda ili kuupisha mti wa muringa. Akasema, "Mtoto wangu hataagwa mbele ya nyumba ya matope." Akina mama wa kanisa lake wakaleta saruji na mchanga, fundi akaitwa, na kabla mwili haujatoka mochari nyumba yako ilikuwa imepigwa plasta pande zote na kupakwa rangi ya krimu. Mkeo Wawira hakuwa na nguvu za kubishana. Mimi nilifika siku ya mazishi yenyewe, nikadhani nimekosea boma.

Unakumbuka siku ulipomwonyesha mama nyumba hiyo mara ya kwanza. Alizunguka yote, akarudi mlangoni, akasema: "Nilizaliwa kwa nyumba ya udongo, nikaolewa kwa nyumba ya udongo. Nikakusomesha utoke huko, na wewe umerudi na digrii!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Yeye hakucheka, na hakuwahi kulala humo hata siku moja. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kwa watu wa rika lake, kuta za mawe ndizo zilizoonyesha kwamba miaka ya kuchuma kahawa haikupotea bure. Wewe ulikuwa ukimrudisha mahali alikojitoa kwa mikono yake.

Nawe katika kazi yako ya usanifu wa majengo ulikuwa na ukaidi wako. Hukuchora mstari hata mmoja kabla mwenye kiwanja hajashinda pale siku nzima na kigoda, akikihamisha kila jua lilipomfikia. Yule mwalimu wa Meru, mwenye kiwanja ukishapita soko la Gakoromone, alitufokea adhuhuri: "Nimekuja kutafuta ramani, si kuanikwa kama mahindi!" Jioni alikuwa anajua mwenyewe dirisha la jikoni litakaa wapi. Bado anaishi humo. Nilipitia kwake juzi, akakuulizia, ikabidi nimwambie.

Mvua ndefu zilikuja. Maji yakapenya kwenye ufa kando ya dirisha la upande wa mlimani, yakashuka nyuma ya plasta, yakakosa pa kutokea. Ulinieleza hilo mara nyingi: ukuta wa udongo hulowa na kukauka kama nguo kwenye kamba, mradi usiufunge. Wawira aliona plasta imevimba. Alipoigonga, kipande kikaanguka, na tofali la nyuma lilikuwa laini, kidole kinaingia.

Ndugu yako Muriithi akaja kutoka kwake mtaa wa Dallas, hapo Embu mjini, akatazama. "Hii ni keki imemwagiwa chai," akasema. "Tubomoe, tujenge ya mawe." Wawira akamweleza kwamba kilichoharibu ni plasta, si udongo. Jibu lake halikuwa la kijinga: "Na nani atamwambia mama? Amezika mtoto, sasa aambiwe zawadi yake ndiyo inaozesha ukuta? Tukibomoa, hakuna mtu atauliza."

Hapo ndipo Wawira akanipigia simu. Kubomoa kungemwepushia mama uchungu mmoja, lakini angebaki akiamini maisha yake yote kwamba mwanawe alijenga kitu kisichosimama. Na Wawira angehama nyumba mliyoipanga pamoja, dirisha kwa dirisha. "Wewe kazi yako ni kuambia watu mambo," akasema. "Njoo umwambie."

Nilimkuta mama jikoni kwake akimenya nduma. Nikamwambia bila kuzunguka. Aliendelea kumenya.

"Njeru alijua simiti inafanya hivyo?"

"Alijua, Mama."

"Na hakuniambia."

"Ulimkataza kukuletea habari za matope."

Akaweka kisu chini. "Nyinyi Wameru hamjui kupunguza maneno," akasema. Kisha akauliza kama plasta hutoka. Nikamjibu hutoka, ila sikuwa na uhakika kama upande wa mlimani kutabaki kitu. Akaenda kuvaa gambuti.

Wale akina mama wa kanisa walirudi, na patasi na nyundo za kuazima. Mmoja akasema, "Tulimvalisha wenyewe, sasa tunamvua wenyewe. Mungu atuhurumie." Wakacheka, na mama yako akacheka nao, mara ya kwanza kumsikia tangu msiba. Alipiga patasi kwa hasira mpaka Wawira akapaza sauti: "Mama, polepole! Unapiga nyumba, si nyoka!"

Kuta tatu zilibaki. Zimekwaruzika, lakini zinakauka. Ule wa upande wa mlimani ulishuka wote mikononi mwetu, tofali baada ya tofali. Muriithi ameziba pengo lake kwa mabati. Hazungumzi tena habari za mawe.

Sitakudanganya kwamba mama amebadilika. Nilipoondoka alikuwa uani, mikono kiunoni, vumbi jekundu hadi kwenye kitambaa cha kichwa. "Ilikuwa mbaya," akaniambia, "na sasa ni mbaya zaidi. Lakini ni kazi ya mtoto wangu. Mtu asiiguse kwa kubomoa."

Pumzika, Njeru. Nimeomba likizo yangu kiangazi kikianza. Wawira ana mashine yako ya kushindilia matofali na anajua udongo wa kutumia; jasho nitatoa mimi. Mama amesema atakaa karibu, aone kama tunafanya kwa ulegevu. Kazi yangu imenizoeza kutoahidi jambo ambalo sijaliona kwa macho, nawe unajua sijawahi kukuahidi lolote kirahisi. Ukuta huo nakuahidi.

Kwaheri, ndugu yangu.

Kinoti