Mume Wangu Ni Kapuku wa Kwenye Televisheni Tu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana nimebeba jambo ambalo siwezi kumwambia jirani, siwezi kumwambia dada yangu, na mume wangu nikimwambia anacheka, na yeye akicheka na mimi nacheka, kwa kuwa kuchekesha watu ndiyo kazi yake, na hivyo ndivyo tulivyofika hapa tulipo.

Mume wangu ni yule mnayemwona kila Jumanne na Ijumaa kwenye televisheni, Mzee Kapuku, mwenye koti la viraka na viatu vilivyoachama mbele, yule anayeomba chumvi kwa jirani halafu anarudi kuomba na mboga ya kuitia hiyo chumvi. Watu wanamhurumia kupita kiasi. Kinyozi hamtozi, wenye magari wanasimama kumpa lifti, na kuna mama mmoja sokoni anamwekea nyanya pembeni kila wiki, na nyanya hizo tunazila. Lile koti, mshauri, nalinunua mimi dukani likiwa jipya, nalisugua viwiko kwa msasa, nalichana mfuko mmoja, nashona viraka vitatu, na viatu navilowesha siku nzima kwenye maji ya majani ya chai mpaka vionekane vimetembea miaka. Mwenzio nimekuwa fundi wa kutengeneza umaskini.

Ukweli ni kwamba huyo Kapuku ana mali. Aliponioa hakuwa na kitu, hilo naapa, lakini yalikuja matangazo ya sabuni, yakaja ya unga, yakaja ya simu, na yeye hela hazimkai mkononi bila kuzigeuza viwanja, akanunua vile ambavyo wenzake walivikimbia, na leo ana malori manne na nyumba ya ghorofa upande wa pili wa mji, ambayo anayeishi ndani ni mlinzi peke yake, anajinyoosha kwenye makochi yetu akimtazama bosi wake anaomba chumvi. Sisi wenyewe tunakaa chumba na sebule, mlango namba saba, katika safu ya milango kumi na miwili, choo uani, bomba moja, kwa sababu mume wangu anasema mtazamaji akijua Kapuku ana ghorofa hatacheka tena, na asipocheka mkataba umekwisha. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni ya gharama, na hapa uani tumesema wanasomeshwa na mfadhili. Mfadhili huyo ni baba yao. Jumapili tukitaka kwenda kwetu ghorofani kuoga maji ya moto tunaaga kwamba tunakwenda kumjulia hali shangazi. Shangazi huyo anaumwa mwaka wa sita sasa, jirani yangu humtumia machungwa, na mimi nayala njiani.

Na hiyo safu ya milango kumi na miwili ni yetu. Hapa nimesimamisha kalamu kidogo halafu nimeendelea. Majirani hawajui, wanachojua ni kwamba mwenye nyumba ni mtu wa mbali asiye na utu, na kodi inakusanywa na dalali, na kila mwisho wa mwezi mume wangu anatoka mlangoni, anamshika dalali mkono mbele ya watu wote, anamsihi amwongezee walau siku tatu, na watu wanatikisa vichwa kwa huruma huku dalali wa watu akitokwa na jasho kumkatalia mwajiri wake.

Mlango namba nane yuko msusi, huyohuyo wa machungwa, na ndiye rafiki yangu. Nilipomzaa mtoto wa pili na hali yangu ikawa mbaya, aliyekaa na mimi hospitali siku tatu ni yeye, mume wangu alikuwa anarekodi. Anasukia kibarazani, mvua ikinyesha wateja wanakimbia, kwa hiyo alikuwa ananunua mabati moja moja ajijengee kibanda, akafikisha kumi. Sasa kikatoka kile kipindi ambacho paa la Kapuku linavuja naye amejilaza chini ya meza, sufuria tumboni, anakinga matone na kuyahesabu. Mimi mwenyewe nililia, na sufuria ni yangu. Kesho yake asubuhi majirani walikuwa bombani wanajadiliana, na ujue kwamba paa letu la kweli linavuja kweli, safu nzima, maana mwenye nyumba hajaligusa miaka yote, na mwenye nyumba sasa unamjua. Wakakubaliana waanze kwa Kapuku kwa kuwa ndiye asiyejiweza. Fundi baiskeli wa namba tatu akaleta misumari na nyundo, wengine wakaazima ngazi, na msusi akatoa mabati yake, yote kumi. Nilimvuta pembeni nikamwambia asifanye hivyo.

"Shoga, mimi nikikosa kibanda nakosa wateja siku ya mvua tu," akaniambia. "Ninyi mnalala ndani ya maji."

Wakaezeka Jumamosi nzima. Mume wangu alishika ngazi na kuwapigia porojo mpaka fundi baiskeli akajigonga kidole kwa kucheka. Nilipika chai, nikawapa, nikawaangalia wakinywa.

Haikuishia hapo. Wiki mbili baadaye ikaja karatasi kwamba kodi inapanda milango yote kwa kuwa nyumba imefanyiwa ukarabati. Ukarabati, mshauri. Wazo lilitoka kwa mume wangu, alilisema kwa mzaha tukiwa tunakula na dalali, mimi nikacheka mpaka nikapaliwa, na dalali akaenda akaliandika. Na hati ya nyumba ina jina langu, si lake, yeye alitaka hivyo ili jina lake lisionekane popote, kwa hiyo karatasi ililetwa kwangu jikoni, nikaitia sahihi nikiwa nimeshika mwiko, halafu nikaisoma, na sikuichana.

Basi msusi kodi mpya haiwezi. Amepata chumba nje kabisa ya mji ambako hana mteja hata mmoja, na tarehe thelathini anahama. Jana alikuja akakaa kitandani kwangu, chini ya mabati yake mwenyewe, akaniambia kinachomuuma si kuhama, ni kuniacha mimi mikononi mwa mwenye nyumba wa namna hii. Mume wangu anasema niweke hela kwenye bahasha isiyo na jina, niisukumie chini ya mlango wake, yaishe. Nami naona si wazo baya, lakini chakula hakishuki. Nikisema ukweli nampoteza rafiki na mume wangu anapoteza kazi, nikinyamaza rafiki anaondoka na kunipenda bado ananipenda, na hilo ndilo silivumilii. Niambie kama bahasha inatosha.

Ni mimi,
Mpangaji wa Namba Saba

MSHAURI ANAJIBU

Wewe mama, kwanza acha kujiita mpangaji. Umenichekesha kwenye msasa, umenichekesha kwenye shangazi, na nilipofika kwenye mwiko nikaiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Kabla sijakugombeza nikuondolee mzigo ambao si wako. Mumeo kuwa na mali si kosa. Amefanya kazi, amelipwa, amenunua viwanja badala ya kununua sifa, hongera zake. Wala kuigiza maskini akiwa na malori manne si kosa, mbona yule anayeigiza daktari humpelekei mtoto akachomwe sindano. Ukiona ameficha utajiri wake, huenda amejiepusha na wakopaji wengi tu. Mimi nina shangazi wa kweli ambaye angekuwa na akili kama ya mumeo, leo angekuwa na nyumba yake.

Kosa linaanzia pale mchezo ulipotoka kwenye televisheni ukaja kukaa uani. Kamera ikizimwa, Kapuku alitakiwa avue koti. Ninyi mkaendelea nalo bombani, kwa kinyozi, kwa yule mama wa nyanya, na kila mtu aliyewapa kitu alikitoa kwenye chake kidogo. Na nikuambie jambo litakalokuaibisha kidogo, nami pia liniaibishe: baada ya kipindi cha paa, mtu mzima mimi nilitia blanketi kwenye mfuko nikalipeleka kituo cha televisheni, nikaandika juu yake "Apewe Mzee." Jipya, la sufu. Naomba lipewe mlinzi wenu, nadhani ghorofani kuna baridi.

Sasa tuje kwako, maana umejitahidi sana barua nzima kunionyesha mumeo. Mumeo alitania. Dalali aliandika. Aliyetia sahihi ni wewe, hati ni yako, na baada ya kusoma ulikuwa na mikono miwili ya kuichana ile karatasi. Unaniuliza habari ya rafiki kuhama kana kwamba ni mvua imekuja. Anayemhamisha ni wewe. Nasikitika kukuandikia hivyo, kwa sababu naona unampenda na naona hulali ukashiba, lakini ningekuandikia vingine ningekuwa na mimi nakushikia ngazi.

Bahasha haitoshi. Tena ni mbaya kuliko kukaa kimya. Unajua atakachofanya msusi akikuta hela chini ya mlango? Atakuja kukugongea wewe, atakukumbatia, atakuambia kuna mtu mwema kamkumbuka, na pengine atakugawia. Hapo ndipo utakapojua kwamba chakula kutoshuka kulikuwa kitu kidogo.

Fanya hivi. Leo hii mwite dalali, mwandike karatasi nyingine inayofuta ile ya kwanza, kwa milango yote kumi na miwili, si namba nane peke yake, maana fundi baiskeli naye alitoa misumari yake na kidole chake. Isome kwanza. Kisha itie sahihi, bila mwiko. Mwambie mumeo anunue mabati ya safu nzima na ya kibanda cha msusi juu yake, na safari hii apande yeye, wengine washike ngazi. Akikuambia kazi yake itakufa, mwambie mimi nimesema hivi: watu hawamcheki kwa sababu hana kitu, wapo wasio na kitu wengi mno na hakuna anayewacheka. Wanacheka kwa sababu anajua kuchekesha. Kama hajui hilo baada ya miaka yote hii, basi huo ndio umaskini wake pekee, na dawa yake si kukaa kwenye chumba kinachovuja. Baadhi ya watazamaji watakasirika, nami nimo. Ijumaa tutafungua televisheni tena.

Kwa msusi usimtume mumeo. Atamchekesha, na yule dada ana haki ya kukasirika bila kuchekeshwa. Usiende na zawadi, wala usianze na habari ya mkataba, watoto na mtazamaji. Anza na neno la kwanza kabisa: "Mwenye nyumba ni mimi." Halafu mwambie ya mabati, ya kodi, na ya sahihi. Ya machungwa yaache mpaka siku nyingine, akiwa bado anaongea na wewe.

Unaogopa utampoteza. Huenda ukampoteza kweli, sitakudanganya. Lakini rafiki uliye naye sasa anampenda mwanamke wa namba saba anayevujiwa, na huyo hayupo, mmemtunga wewe na mumeo kama mlivyomtunga shangazi. Wewe hajawahi kukuona. Mpe nafasi akuone, aamue mwenyewe.

Na ufanye haraka. Jina la kuigizia la mumeo nimelibadilisha, siku za kipindi nimezibadilisha, namba za milango pia, lakini mabati kumi nimeyaacha kama yalivyo kwa makusudi, na gazeti hili linaingia mitaani asubuhi ya leo. Wateja wakiwa wanasukwa huwa wanasoma, na wakikuta kitamu wanasoma kwa sauti. Kwa hiyo hapo ulipo funga gazeti, uvae viatu, upitie kwa dalali, uende namba nane. Ukifika usikae. Sema ukiwa umesimama, mkabidhi ile karatasi mpya mkononi, kisha subiri uone kama atakuambia ukae.